Sifuri Isiyokuwa Sifuri: Historia ya Virutubisho katika Matangi ya Matumbawe, 1846–2017

Utangulizi

Katika Kiswahili, neno "virutubisho" lina sifa njema. Limetokana na rutuba, na hakuna mkulima anayelalamika kwamba shamba lake lina rutuba. Mama mjamzito huambiwa kliniki ale vyakula vyenye virutubisho, na mtoto aliyekonda hutafutiwa virutubisho. Lakini kuanzia miaka ya 1980, watu waliofuga matumbawe katika matangi ya vioo majumbani mwao, hasa Ulaya na Marekani, waliviona virutubisho kuwa adui. Walinunua mashine za kuviondoa majini na kupima maji kila wiki, na waliposoma namba sifuri walifurahi. Leo baadhi ya wafugaji wa aina hiyo hununua chupa za naitreti na fosfeti na kuzitia tangini kwa matone, ili ile sifuri isirudi. Ni nini kilichotokea katikati?

Insha hii inajibu swali hilo. Hoja yangu ni kwamba badiliko hilo halikuletwa na ugunduzi mpya peke yake. Lilitokana pia na namna watu walivyoisoma sifuri. Kipimo kilipoonyesha kwamba hakuna kitu majini, walidhani bahari nayo haina kitu, na kwamba matumbawe hayahitaji kitu. Jambo hili linatuhusu sana sisi tunaosoma historia, kwa sababu nasi hufanya kazi na vyanzo vinavyonyamaza, na kila mara hutubidi kuamua ukimya huo una maana gani.

Ninaandika nikiwa mwanafunzi kutoka Uganda, nchi isiyopakana na bahari. Neno "matumbawe" nililipata darasani. Hata hivyo, suala la virutubisho majini si geni kwetu. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunajua rutuba ikizidi huleta nini: maji ya kijani, na gugumaji lililofunga fukwe na gati katika miaka ya 1990. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za wafugaji wa matumbawe, hofu yao sikuiona kuwa ya kipuuzi. Ninaiona kuwa hofu yenye msingi ambayo ilivuka mpaka wake.

Tumbawe ni nini?

Kabla ya historia, ni vyema kueleza tunamzungumzia nani. Tumbawe ni mnyama mdogo mwenye mdomo mmoja na minyiri ya kunasia chakula, na hujijengea nyumba ya chokaa. Maelfu yao huishi wameungana, na nyumba zao zikipandana kwa karne nyingi hufanya mwamba. Katika bahari za joto, ndani ya mwili wa mnyama huyu huishi vimwani, yaani viumbe vya jamii ya mwani vilivyo vidogo mno kwa jicho. Vimwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humfikia mwenyeji wao. Mwenyeji naye huvipa makao, pamoja na taka zake mwenyewe kama amonia, ambazo kwa vimwani ni mbolea.

Virutubisho viwili vinavyozungumziwa zaidi ni naitrojeni na fosforasi. Katika tangi, naitrojeni huanzia kwenye chakula cha samaki na kinyesi chao. Kwanza huwa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitriti, kisha naitreti. Fosforasi nayo huingia na chakula na kuonekana majini kama fosfeti. Basi mfugaji anapotaja "virutubisho", mara nyingi ana maana ya naitreti na fosfeti.

Wakati wa mizania

Mfugaji wa kwanza wa matumbawe nyumbani tunayemfahamu vizuri ni mwanamke wa Uingereza, Anna Thynne. Mwaka 1846 alichukua matumbawe ya mawe kutoka Torquay, katika pwani ya kusini, akayapeleka London ndani ya chombo cha maji ya bahari. Ili maji yasikose hewa, mtumishi wake wa kike aliyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha. Baadaye Thynne alitia mwani, na mwaka 1859 maelezo yake yalichapishwa katika jarida la sayansi. Matumbawe yake yalikuwa ya bahari baridi, yasiyokuwa na vimwani mwilini, lakini swali alilokabiliana nalo ni lilelile la leo: taka za mnyama aliyefungiwa ziende wapi?

Jibu la kizazi chake lilikuwa mizania. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi alivyofuga samaki, mimea na konokono pamoja katika chombo cha maji baridi, kila kimoja kikitumia kilichotolewa na kingine. Philip Henry Gosse alieneza wazo kama hilo kwa maji ya chumvi katika kitabu chake cha mwaka 1854, *The Aquarium*. Kwa watu hawa, taka ya mmoja ilikuwa chakula cha mwingine. Kipimo cha naitreti hawakuwa nacho. Walitegemea pua na macho. Maji yakinuka au kuchafuka, walijua mizania imevunjika.

Wazo hilo lilijitokeza tena Jakarta, Indonesia. Mwaka 1961 Lee Chin Eng alieleza katika gazeti la wafugaji wa samaki, *Tropical Fish Hobbyist*, mfumo aliouita wa asili: maji ya bahari, mwanga, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado na viumbe wake. Hakuwa na kichujio. Viumbe wa kwenye mawe ndio waliosafisha maji. Alikuwa na bahati ya kuishi karibu na miamba yenyewe, kwa hiyo mawe yalimfikia yakiwa hai. Wafugaji wa Ulaya walioishi mbali na bahari za joto hawakuipata nafasi hiyo kwa urahisi.

Kitendawili cha jangwa

Wakati huohuo, wanasayansi walikuwa na kitendawili chao, ambacho mara nyingi hutajwa pamoja na jina la Charles Darwin, aliyechapisha kitabu chake kuhusu miamba ya matumbawe mwaka 1842. Maji ya bahari za joto ni mang'avu kwa sababu yana virutubisho vichache sana. Inakuwaje basi katikati ya jangwa hilo la maji kuwe na miamba iliyojaa viumbe?

Jibu lilikuja polepole. Mwaka 1928 na 1929, C. M. Yonge aliongoza msafara wa kisayansi katika visiwa vya Low Isles, kwenye mwamba mkuu wa Australia. Yeye alisisitiza kwamba tumbawe ni mnyama mla nyama, na kwamba kazi kubwa ya vimwani ni kumwondolea taka. Mwaka 1955 ndugu wawili wa Marekani, Howard na Eugene Odum, walichapisha utafiti wao wa Eniwetok katika Bahari ya Pasifiki, wakaonyesha kwamba mwamba huzalisha chakula kingi kwa kutumia tena na tena kile kidogo ulichonacho. Mwaka 1977 Leonard Muscatine na James Porter walieleza ushirika wa tumbawe na vimwani kuwa ni njia ya kuishi katika maji yenye virutubisho haba.

Tuzingatie maneno haya vizuri. Maji yenye virutubisho haba si sawa na tumbawe lisilopata virutubisho. Mtu anaweza kuwa na akiba ndogo nyumbani lakini akapata kibarua kila siku. Ukichungulia ghala lake tu, utamhesabu kuwa na njaa. Mwaka 1983 Judy Meyer na wenzake walionyesha jambo hilo katika visiwa vya Karibiani. Makundi ya samaki yaliyopumzika mchana juu ya matumbawe yaliyapatia virutubisho kupitia taka zao, na matumbawe hayo yalikua haraka kuliko yasiyokuwa na samaki. Maji yalikuwa mang'avu, lakini chakula kilipita.

Jinsi adui alivyopatikana

Kwa nini basi wafugaji waliingia katika vita na virutubisho? Ninaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni mashine. Mwaka 1986 George Smit aliandika mfululizo wa makala katika gazeti la Marekani, *Freshwater and Marine Aquarium*, akieleza tangi la "mwamba mdogo" lenye kichujio ambacho maji hudondokea juu ya vipande vya plastiki vyenye bakteria. Kichujio hicho kiligeuza amonia kuwa naitreti kwa ufanisi mkubwa, kisha kikaishia hapo. Naitreti ilibaki majini na kupanda wiki hadi wiki. Mwani wa nywele ulifunika mawe na matumbawe yakasongwa. Mfugaji aliyeona tangi lake likigeuka malisho ya mwani alikuwa na haki ya kutafuta mkosaji, na kipimo kilimwonyesha naitreti.

Sababu ya pili ilitoka baharini. Mwaka 1979 Donald Kinsey na Peter Davies walichapisha matokeo ya kutia mbolea ya naitrojeni na fosforasi kwenye mwamba mdogo wa One Tree Island, Australia: ujenzi wa chokaa ulipungua kwa karibu nusu. Huko Hawaii, maji taka yaliyokuwa yakiingia katika ghuba ya Kaneohe yalielekezwa kwingine mwaka 1977 na 1978, na baada ya hapo mwani uliokuwa umefunika matumbawe ulipungua. Huu ulikuwa ushahidi mzito, na hadi leo haujatenguliwa.

Sababu ya tatu ni mafanikio. Katika miaka ya 1980, wafugaji wa Berlin, akiwemo Dietrich Stüber, waliacha kichujio cha bakteria na kutumia mawe hai, mwanga mkali, na chombo cha kutoa povu, ambacho huondoa taka majini kabla hazijaoza. Kutoka kwa Peter Wilkens walikuwa wamejifunza kutia maji ya chokaa. Ndani ya mawe, mahali pasipo na oksijeni, bakteria wengine waligeuza naitreti kuwa gesi ikatoka. Mwishoni mwa muongo huohuo, Jean Jaubert wa kusini mwa Ufaransa alipata matokeo kama hayo kwa kutumia tabaka la mchanga. Naitreti ilishuka, na matumbawe ya mawe ambayo awali yalikuwa yakifa yalianza kukua. Stüber aliweza kukata vipande vya tumbawe lake na kuwagawia wengine. Mwaka 1994 Charles Delbeek na Julian Sprung walitoa juzuu ya kwanza ya *The Reef Aquarium*, na mbinu hizo zikawafikia wasomaji wengi wa Kiingereza.

Kwa hiyo kanuni ilionekana imethibitishwa: virutubisho vikishuka, matumbawe yanastawi. Kilichobaki ni kuuliza vishuke hadi wapi. Wengi walijibu: hadi sifuri.

Sifuri ilisomwaje?

Hapa ndipo penye kiini cha insha hii. Vifaa vingi vya kupimia vilivyopatikana madukani vilikuwa vya rangi. Unatia maji katika kichupa, unaongeza matone ya dawa, unasubiri, kisha unalinganisha rangi na kadi. Kwa naitreti ya juu vilitosha. Lakini fosfeti ya kwenye mwamba huhesabiwa kwa sehemu za mia za milligramu katika lita moja, na jicho la mtu haliwezi kutofautisha maji meupe na maji yenye buluu hafifu kiasi hicho. Kipimo kilisema sifuri, kumbe maana yake ilikuwa "chini ya uwezo wangu wa kuona".

Pia, kipimo kilisoma kilichosalia majini tu. Hakikusoma kilichopita. Matangi mengi ya wakati ule yalikuwa na samaki waliolishwa kila siku. Kabla fosfeti na amonia hazijafika kwenye kichupa cha mpimaji, vimwani, bakteria na mwani wa kwenye mawe vilikuwa vimekwisha kuzinyakua. Matumbawe yalikuwa yakila, na sifuri ilikuwa mabaki ya mezani. Wafugaji waliandika katika kumbukumbu zao kwamba matumbawe yao yamestawi penye naitreti sifuri na fosfeti sifuri. Waliofuata walizisoma kumbukumbu hizo kama agizo.

Kisha teknolojia ikaliwezesha agizo hilo kutekelezwa kweli. Chembechembe za oksidi ya chuma ziliuzwa kwa ajili ya kunasa fosfeti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa Ujerumani, wafugaji walianza kutia matone ya vodka tangini: kileo hicho huwapa bakteria kaboni, nao huongezeka wakila naitreti na fosfeti, kisha huondolewa pamoja na povu. Sasa sifuri ya kadi ilikaribia kuwa sifuri ya kweli. Baadhi ya matumbawe yalipata rangi za kupendeza na hafifu kama za vitambaa vya harusi. Mengine yalififia zaidi, ncha zake zikaungua, yakafa bila kuwapo mwani wa kulaumiwa. Katika matangi kadhaa mawe yalifunikwa na utelezi wa kahawia wa viumbe wanaostawi pale washindani wao wanapokosa chakula. Kwa mfugaji, hasara hii haikuwa ndogo. Kila tumbawe lililokufa lilikuwa limekatwa mahali fulani, na katika miaka hiyo mengi yalitoka katika miamba ya bahari na si katika matangi ya watu.

Maelezo ya kisayansi yalikamilika zaidi mwaka 2013. Jörg Wiedenmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha katika *Nature Climate Change* kwamba vimwani vinavyopata naitrojeni nyingi huku fosfeti ikikosekana huingia katika njaa ya fosfeti, na tumbawe lenye vimwani hivyo hupauka kwa urahisi zaidi joto na mwanga vinapozidi. Mwaka 2017 kundi hilo lilionyesha kwamba jambo la hatari zaidi ni kukosekana kwa fosfeti, kwa kuwa matumbawe yaliyopata naitreti nyingi pamoja na fosfeti ya kutosha hayakudhurika vivyo hivyo. Jambo hili linakumbusha kazi ya Alfred Redfield, ambaye tangu mwaka 1934 alikuwa amegundua kwamba viumbe vidogo vya baharini hubeba kaboni, naitrojeni na fosforasi kwa uwiano, ambao leo huandikwa 106:16:1. Ilionekana tena kwamba uwiano una maana, na kwamba kupunguza tu hakutoshi. Kwa njia ndefu, wafugaji walirudi karibu na pale walipoanzia Warington na Gosse: kwenye mizania.

Mpaka wa somo hili

Mtu anaweza kuichukua historia hii na kusema kwamba, kwa kuwa matumbawe yanahitaji virutubisho, maji taka ya mijini hayana neno. Hoja hiyo haisimami. Katika miaka ya 1990, jaribio kubwa la ENCORE pale One Tree Island lilitia virutubisho kwenye miamba midogo. Matumbawe mengi hayakufa papo hapo kama ilivyotarajiwa, lakini uzazi wake uliathirika. Karibu na kwetu, watafiti waliochunguza miamba ya Zanzibar mnamo 1995 waliripoti kwamba mwani wa chokaa, ambao huunganisha mwamba kama saruji, ulipungua kadiri walivyokaribia mahali panapomwagwa maji taka ya mji. Anayefuga tangi na anayesimamia pwani wana tatizo la aina moja, ila wamesimama pande mbili za mizania. Wa kwanza aliondoa mno. Wa pili anaruhusu mno. Namba ya mmoja haiwezi kuwa sheria ya mwingine. Sisi wa Ziwa Victoria tuko upande wa huyo wa pili, na gugumaji halikutuachia nafasi ya kusahau.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba vita dhidi ya virutubisho vilianza kwa sababu za kweli: mashine iliyojaza naitreti, ushahidi wa baharini, na mafanikio ya Berlin. Vilipita kiasi pale ukimya wa kipimo ulipochukuliwa kuwa ni ukweli wa bahari. Nadhani funzo hili linatufaa katika fani yetu. Tunapofungua majalada ya kikoloni na kukuta wanawake wa kijiji fulani hawatajwi, au soko fulani halina hesabu, tunajaribiwa kuandika sifuri. Kabla ya kuiandika, tuulize mambo mawili waliyochelewa kuyauliza wafugaji wa matumbawe: chombo hiki kilikuwa na uwezo wa kuona kiasi gani, na je, kilihesabu kilichopita au kilichosalia tu? Matumbawe yaliyokufa njaa katika maji masafi yalikuwa na mabaki sifuri mezani, na hakuna aliyeuliza kama chakula kilikuwa kimeandaliwa.